Tezo Iliyokwenda Chuoni

Jikoni kwangu, juu ya mlango, kuna tezo ndogo ambayo haijawahi kuchonga kitu. Sisi Wakamba tunaiita ngomo. Mpini wake bado ni mweupe, haujaingiwa na jasho la mtu. Wageni wakiiona huuliza mchongaji ni nani katika nyumba hii, nami nawaambia hayupo. Tezo hiyo ilienda chuo kikuu ikarudi. Wanacheka, wanadhani uzee umenipanda kichwani. Basi wacha nieleze mwenyewe, maana wajukuu nao wameanza kuisimulia hadithi hii vibaya.

Mimi sikusoma. Nalisema hilo mapema ili mtu asitafute maneno makubwa hapa. Nilizaliwa upande wa Ikutha. Baba alikuwa na ng'ombe, na msichana wa mwenye ng'ombe hakuwa na haja na kalamu. Kusoma kwangu kulikuwa ni kwa ajili ya kubatizwa tu. Miaka ile uhuru ukiwa bado mpya, kanisa letu lilikuwa na sheria: habatizwi mtu mzima asiyeweza kusoma Neno kwa Kikamba, na kwa mdomo wake mwenyewe. Tulikalia magogo, wasichana na mama wazee pamoja, na mwalimu wa ubatizo akapita mbele yetu na fimbo yake ya kuonyeshea herufi. Nilishika haraka. Siku tuliyosoma habari za safina niliinua mkono.

"Mwalimu, na mke wa Nuhu aliitwa nani?"

Kwa maana wanaume wote mle ndani walikuwa na majina. Hata mlima ulikuwa na jina. Na mimi nilikuwa nikimfikiria yule mama, kuwapikia watu wale wote, wanyama wananuka, mvua haikatiki, halafu jina hana.

Mwalimu akasema, "Jina halikuandikwa, maana yake huna haja nalo. Kaa."

Nikakaa. Nikabatizwa, nikaolewa huku upande wa Kabati, nikazaa, nikalima. Swali nalo likakaa pale nilipoliacha.

Mume wangu alifariki kitinda mimba wetu akiwa bado shule ya msingi. Mtoto huyo alikuwa msichana, mwembamba, wa maneno machache, na alikuwa akisoma hata karatasi iliyofungia sukari. Alipomaliza kidato cha sita, mchungaji wetu alisimama Jumapili moja akatangaza kwa furaha: "Binti wa dada yetu amepata nafasi katika chuo kikuu cha Kikristo, kule ng'ambo ya Nairobi. Anaenda kusomea shahada ya sanaa. Tumpigie Bwana makofi!"

Makofi yalipigwa, lakini yalianza polepole.

Kama wewe si Mkamba huwezi kuelewa ni kwa nini. Kwetu sanaa ni moja tu. Hata redioni wakisema sanaa ya Wakamba, kila mtu anajua wanasema twiga na ndovu wa mti, na vile vigoda, na vijiko vyenye kichwa cha swara. Na kazi hiyo ni ya wanaume. Mwanamke anasuka kikapu cha kyondo, hashiki tezo. Sasa kanisa linampeleka msichana chuo kikuu akajifunze kuchonga!

Nje ya kanisa wanawake wenzangu walinizunguka.

"Mwaitu, mama yetu, na akijikata vidole ataolewa na nani?"

"Wewe nawe! Kanisa likisema achonge, achonge. Si walituambia tuvae viatu tukavaa, na miguu ikatuuma mpaka tukazoea?"

"Mimi ninachouliza ni kimoja. Huko chuoni wanatoa wapi miti?"

Aliyefurahi kabisa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Yeye alijifunza uchongaji Wamunyu akiwa kijana, na wakati huo alikuwa na banda lake Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na vijana kadhaa wanaomfanyia kazi. Alinijia akicheka meno yote nje. "Mke wa kaka, kumbe ulinizalia mshindani! Damu ya kwetu hiyo." Akatoa fahali. Hakuna mtu aliyemwomba. Alimtoa mwenyewe, mbele ya watu, kwa ajili ya masomo ya binti wa kaka yake.

Mimi nilikwenda kwa mhunzi sokoni Kabati, nikamwambia anipigie tezo kwa kipande cha springi ya lori.

"Ya mkono wa nani?" akauliza.

"Ya mkono wa msichana."

Akaacha kupuliza moto. "Mama, uko sawa?"

"Piga chuma."

Akakipiga. Sikumwonyesha binti. Kwetu zawadi haitangazwi, mtu anaikuta tu. Niliifunga kwa kitambaa nikaiweka chini kabisa ya sanduku lake la bati, chini ya blanketi, akaondoka nayo bila kujua.

Aliporudi likizo ya kwanza tuliketi uani tukimenya mbaazi. Nikangoja aseme. Nikamuuliza, "Umechonga nini?"

Akainamisha kichwa, nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama, ile tezo! Matroni alikuwa anakagua masanduku ya wageni wote. Akainua blanketi, akafungua kitambaa, akarudi nyuma. Akaniuliza, 'Hii ni ya kumkata nani?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema mama ameniwekea. Akaifungia kabatini kwake, akasema nitaichukua siku ya kurudi nyumbani."

"Na mwalimu wa kuchonga hakusema kitu?"

Hapo akaacha kucheka. Akanieleza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemshusha mzee ngazi. Sanaa ya chuoni si kuchonga. Ni kusoma mambo mengi kwa pamoja: historia, na lugha, na Biblia, na muziki, na jinsi watu wanavyoishi, na kufikiri kwenyewe jinsi kunavyokwenda, hata nyota kidogo.

"Nyota za nini?"

"Za mbinguni, mama. Mwalimu wetu mmoja anasema vyote viliumbwa na Mungu mmoja, kwa hiyo mtu asiogope kuangalia chochote."

"Sawa. Na ukimaliza utaitwa nani? Anayesomea udaktari anaitwa daktari. Anayesomea ualimu anaitwa mwalimu. Wewe utaitwa nani?"

Akamenya mbaazi kadhaa. "Nitaitwa mtu aliyesoma."

"Hiyo si kazi," nikamwambia.

Na sikusema kwa ubaya. Mwaka ule mvua ilikuwa imetupita, mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na mimi nilikuwa nataka kusikia neno moja lenye chakula ndani yake.

Habari ilifika Salama kabla ya wiki kwisha. Shemeji alikuja, hakukaa, alisimama katikati ya uwanja mikono kiunoni.

"Nilitoa fahali wa kuchonga! Kumbe fahali wangu ameliwa na nyota!"

"Shemeji, kaa unywe chai."

"Sinywi. Hata mtoto wa jirani anajua. Msichana amekwenda huko kusoma kila kitu. Mtu anayesoma kila kitu hajui kitu!" Akamgeukia binti, akapunguza sauti, kwa sababu alikuwa anampenda. "Sikiliza. Pale Salama kuna mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, anataka msichana anayejua Kiingereza, akae mbele, apokee wateja. Kiti, meza, mshahara. Nimeshazungumza naye. Jumamosi njooni akuone. Chuo utakuwa umeaga."

Binti akasema, "Ndiyo, baba mdogo," kwa sababu hakuna mtoto wetu anayesema la kwa mdogo wa baba yake. Lakini usiku nilimkuta bado anasoma daftari zake za chuo.

Mimi sikumpinga shemeji. Kaka mkubwa akifa, mdogo ndiye mwenye neno, na mwenye fahali ana maneno mawili. Tena nilidhani ana haki. Nilikuwa nimeuliza swali wazi na sikupata jibu.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba langu katika mwethya, chama chetu cha wanawake cha kusaidiana kazi. Tulikuwa tunachimba matuta ya kuzuia udongo, ingawa wingu halikuwapo. Binti alichimba pamoja nasi. Wenzangu walimtania, "Chimba, profesa, hapa nyota hazioti!" naye akawajibu kwamba ndiyo sababu anaangalia chini. Walicheka, wakampenda. Tulipokaa kivulini kula isyo yetu ya mahindi na maharagwe, nikamuuliza kitu ambacho sikujua kama nitakiuliza.

"Huko kwenu, mtu akiinua mkono, anaambiwaje?"

"Anaambiwa aulize."

"Hata kama ni la Biblia?"

"Hilo hasa." Akanitazama. "Kwani wewe ungeuliza nini, mama?"

Nilimwambia. Mimi mama mzima, na udongo miguuni, nilimweleza mtoto wangu habari za mke wa Nuhu na yale magogo ya kule Ikutha. Nilitegemea acheke kama alivyocheka tezo. Hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi," akasema, "na sijawahi kuona kwamba hana jina. Mama, wewe uliona." Kisha akasema, "Sijui jibu. Ningekuwa narudi, ningempelekea mwalimu."

Ningekuwa narudi. Neno hilo lilinishika. Nilichukua jembe nikarudi kuchimba, lakini kuanzia hapo nilitaka arudi, na sikuwa na la kumwambia shemeji.

Jumamosi tukafika Salama jua likiwa bado la asubuhi. Malori yamepanga foleni, watu wanauza mayai na machungwa, na bandani kwa shemeji ni makelele. Hatukusalimiwa hata. Alikuwa ameinua sanamu mkononi na kuwafokea vijana wake.

Mnunuzi mmoja, mama Mzungu wa kanisa fulani, alikuwa ameagiza sanamu za kuzaliwa kwa Yesu: Mariamu, Yusufu, mtoto, wachungaji na kondoo. Kama angezipenda, angeagiza nyingine nyingi. Na twiga siku zile walikuwa wamejaa barabara nzima, hakuna anayewauliza. Kwa hiyo kazi hii ndiyo ingeokoa banda.

"Tazama!" shemeji aliniambia, kama vile nilikuwa nimesimama pale tangu jana. "Tazama Mariamu wao!"

Nikatazama. Mungu anisamehe, nilicheka. Mariamu alikuwa na shingo ndefu mpaka juu, kichwa kidogo, na masikio yamesimama.

Kijana aliyemchonga alijitetea. "Mzee, mkono wangu unajua twiga. Nikiuachia, unapanda."

"Na Yusufu?"

"Yusufu ni mimi," akasema mwingine kwa aibu. Yusufu wake alikuwa na mgongo mpana na pua ndefu kidogo. Huyo alikuwa mtu wa ndovu.

"Niliwaambia!" shemeji akapiga gogo kwa ubapa wa tezo. "Niliwaambia tangu mwanzo: kwanza jueni mti. Jueni kuangalia. Jueni mwili umefungwaje, wa mtu na wa mnyama, ndipo mshike tezo. Mkasema, hapana mzee, tuonyeshe twiga tu, twiga anauzika. Haya, sasa hauziki. Mtakula shingo?"

Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye gunia, ninasuka kyondo changu. Vidole vyangu vilisimama. Lakini kabla sijafungua mdomo, shemeji alimgeukia binti, bado ana hasira.

"Haya, wewe wa sanaa ya nyota. Huko chuoni si mnasoma Biblia? Mariamu alikaa vipi?"

Binti alichukua ile sanamu, akaigeuza, akaitazama kwa upole kama anayemtazama mtu aliyeumia. Kisha akauliza, "Baba mdogo, alikuwa msichana wa mashambani, si ndiyo? Ametembea mbali, amezaa sasa hivi, na pale zizini hakuna kiti. Mama wa kwetu aliyezaa sasa hivi hukaa vipi?"

Wale wanaume walitazamana. Hata walio na watoto hawakujua. Kwetu mama akizaa, mwanamume yuko nje. Kisha wote, mmoja mmoja, wakanigeukia mimi.

"Msiniangalie," nikasema.

"Mama, tafadhali," akasema yule wa twiga.

Basi nikaweka kyondo kando. Nikakaa chini kwenye vibanzi vya mti, miguu nimeinyoosha mbele kama tunavyokaa sisi, mgongo nimeuegemeza kwenye gogo. Nikadai kitu cha kubeba, wakanipa kipande cha mti kimefungwa leso. Nikakiweka. Kilikaa mahali pake chenyewe, maana mikono haisahau.

"Shingo haisimami," niliwaambia. "Inainama hivi, kwa sababu humalizi kumtazama. Mkono huu unashika kichwa. Huu mwingine umechoka, unaulaza tu. Na msimwekee tabasamu. Ana furaha lakini kiuno kinamuuma."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa twiga alichuchumaa mbele yangu, macho yametoka, kama mtu anayeona mwanamke kwa mara ya kwanza.

"Mama, usisonge."

"Sisongi. Wewe ndiye unasonga."

Shemeji alichukua kipande cha mkaa akaanza kuchora alama kwenye gogo jipya. Alikuwa ananitazama, anachora, ananitazama. Hapo nikaona ndio wakati. Nilisema bila kuinua shingo, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kusonga.

"Shemeji. Yale uliyowaambia vijana wako. Kwanza mti, kwanza kuangalia, ndipo tezo. Si ndivyo huyu mtoto anavyosema chuo kinamfanyia? Anajifunza mti kwanza. Sasa wewe unataka nimtoe, nimweke dukani, achonge twiga?"

Mkaa ulisimama. Binti alikuwa ametazama chini.

Kijana wa duka alitokea mlangoni wakati huohuo. "Mzee, tajiri anauliza, yule msichana wa Kiingereza amefika?"

Shemeji alipuliza unga wa mkaa vidoleni. Hakunitazama mimi wala binti.

"Mwambie tajiri atafute mwingine," akasema. "Huyu ana kazi ambayo haijaisha." Kisha akanikaripia, "Na wewe mke wa kaka, inamisha shingo! Umeinua!"

Hilo ndilo jibu lake lote. Hakuwahi kuniambia kwamba nilisema kweli, na mimi sikumngojea. Mwanamume akishabadilisha njia, usimwambie ageuke aangalie alikotoka.

Mariamu yule alitoka na miguu mirefu kama yangu, na uso mkali kidogo. Kijana alisema alijaribu kuulainisha ukakataa. Mnunuzi alimpenda hivyohivyo, akaagiza wengine. Kwa hiyo huko ng'ambo, sijui nyumba gani, Krismasi ikifika wanamtoa sandukuni mama mmoja wa Kabati, mwenye kiuno kinachomuuma, wanamweka mezani.

Siku ya kurudi chuoni nilimkuta binti anapanga sanduku. Nilikuwa nimeshaiweka tezo kando, niwauzie wanaoijua. Akaichukua, akaiweka ndani. Safari hii hakuiweka chini ya blanketi. Aliiweka juu kabisa, mahali ambapo mtu akifungua ndiyo ya kwanza kuonekana.

"Na yule matroni?" nikamuuliza.

"Akiuliza, nitamwambia ni kifaa changu cha masomo."

Watu wameniuliza miaka hii yote yeye alikuwa nani mwishowe. Amefundisha. Amekaa na wakimbizi akiandika habari zao ili zisipotee. Kwaya ya kanisa letu inaimba sauti nne kwa sababu yake, na mwethya ilipogombana juu ya maji ya mtoni ni yeye aliyeketi akamsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, jambo ambalo mimi siliwezi. Mpaka leo sina neno moja la kumwita. Niliacha kulitafuta.

Lakini bado sijasema habari za likizo iliyofuata. Aliingia uani na sanduku kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, hata kusalimu hakumaliza.

"Mama, nililipeleka swali lako."

Nikaweka ungo chini. "Jina lake ni nani?"

"Halipo. Mwalimu amesema halikuandikwa."

"Basi ni yaleyale," nikasema, nikachukua ungo wangu.

"Siyo yaleyale. Alisema halikuandikwa, halafu akaliandika swali lako ubaoni, akatuuliza ni kwa nini. Darasa zima lilibishana, mama, mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Msichana mmoja wa Pwani alisema kwao bibi zake wana majina ya kumwita huyo mama. Mwingine akasema pengine mwandishi alimjua sana hata akaona hana haja ya kumtaja, kama sisi tunavyosema 'mama' tu. Na kuna mmoja alisema kitu ambacho hata mwalimu mwenyewe alikiandika daftarini mwake."

"Alisema nini?"

Alikuwa bado amesimama, sanduku bado kichwani. Nilimtua. Nikavuta kigoda nikakipangusa kwa leso yangu.

"Kaa," nikamwambia. "Kaa hapa uniambie yote."